Undredal: Kijiji cha Norwei chenye mbuzi wengi kuliko watu

Norwei ikitajwa katika habari za biashara, kinachozungumzwa zaidi ni mafuta. Nchi hiyo ya kaskazini mwa Ulaya iligundua mafuta mengi katika Bahari ya Kaskazini mwaka 1969, na mfuko wake wa akiba, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, ni miongoni mwa mifuko mikubwa kuliko yote duniani. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya mafuta Wanorwei wengi waliishi kwa uvuvi, misitu na vipande vidogo vya ardhi vilivyobanwa kati ya mlima na maji. Wapo wanaoishi hivyo hadi leo.

Undredal ni kimoja cha vijiji vyao. Kipo magharibi mwa nchi, katika wilaya ya Aurland, na kina wakazi takriban 100 tu. Kwa miaka mingi kimejulikana kwa jambo moja: mbuzi ni wengi kuliko watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mbuzi hao walikadiriwa kufikia 500, na maziwa yao ndiyo yaliyokipa kijiji jina, kwani jibini la Undredal linajulikana hadi nje ya Norwei.

Jinsi watu hao wachache walivyoweza kubaki, wakati maelfu ya mashamba kama yao yamefungwa, ni somo kwa mfugaji yeyote mdogo. Lakini si somo rahisi, kwa sababu nusu ya jibu imo ndani ya jibini na nusu nyingine imo ndani ya sheria na bajeti ya serikali.

Milima, maji na ardhi finyu

Pwani ya magharibi ya Norwei imekatwakatwa na mikono mirefu ya bahari inayoitwa fyodi. Mikono hiyo ilichongwa na barafu nzito iliyokuwa ikiteremka polepole kutoka milimani katika zama za barafu, ikikwangua miamba na kuacha mabonde yenye kuta zilizosimama wima. Barafu ilipoyeyuka, maji ya bahari yaliingia na kuyajaza.

Fyodi ndefu kuliko zote nchini humo ni Sognefjord. Inaingia ndani ya nchi kwa zaidi ya kilomita 200, umbali unaokaribiana na ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na mahali penye kina kirefu zaidi panazidi mita 1,300. Aurlandsfjord ni tawi lake, na Undredal kipo ukingoni mwa tawi hilo, pale ambapo mto mdogo umetoboa ukuta wa mlima na kuleta kijibonde chenye udongo.

Pande zote mbili za kijibonde hicho milima inapanda zaidi ya mita 1,000. Nyumba zimesongamana karibu na maji, mashamba ya nyasi yako nyuma yake, na baada ya hapo ni mwinuko mtupu. Katika nchi nzima ya Norwei ni asilimia 3 hivi tu ya ardhi inayolimwa. Kwenye fyodi hali ni ngumu zaidi, kwani trekta haiwezi kupanda kila mahali na majira ya kiangazi ni mafupi.

Ardhi ya namna hiyo haifai kwa ng'ombe wengi wala kwa mashamba makubwa ya nafaka. Inamfaa mbuzi. Mbuzi hupanda mawe, hula majani ya vichaka na magome, na hurudi jioni na maziwa. Kwa hiyo wakazi wa Undredal hawakuchagua mbuzi kwa kuwapenda tu. Mlima ndio uliowachagulia.

Mwaka wa mfugaji wa huko umegawanyika kufuata malisho. Wakati wa baridi mbuzi hukaa bandani wakila nyasi kavu na saileji iliyovunwa kiangazi. Theluji ikiyeyuka hutolewa nje, na kiangazi kinapokolea hupelekwa kwenye malisho ya juu, ambako tangu zamani kila familia ilikuwa na kibanda cha kukamulia na kutengenezea jibini. Wakati mbuzi wako juu, nyasi za bondeni hukatwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya baridi ijayo. Mfugaji asiyevuna nyasi za kutosha kiangazi atalazimika kununua chakula cha mifugo au kuuza mifugo yenyewe.

Kutoka boti hadi handaki

Kwa karne nyingi njia pekee ya kawaida ya kufika Undredal ilikuwa boti. Kanisa dogo la mbao la kijiji, linalosadikiwa kujengwa mwaka 1147 na lenye nafasi ya watu takriban 40, ni ushahidi kwamba watu waliishi hapo zamani sana bila barabara. Daktari, barua, chumvi na unga vilikuja kwa maji. Jibini na ngozi zilitoka kwa maji.

Barabara ilifika mwaka 1988, ikikiunganisha kijiji na barabara kuu inayopita juu ya bonde, katikati ya mahandaki mawili. Miaka mitatu baadaye lilifunguliwa handaki la Gudvanga, lenye urefu wa kilomita 11.4, kuelekea upande wa Bergen. Mwaka 2000 likafuata handaki la Lærdal, lenye kilomita 24.5, ambalo ndilo refu kuliko yote ya barabara duniani. Kwa mahandaki hayo dereva anaweza kutoka Oslo hadi Bergen bila kupanda kivuko, na kijiji kilichokuwa kimejificha kikajikuta kando ya moja ya barabara muhimu za nchi.

Faida ilionekana haraka. Jibini liliweza kufika sokoni siku hiyo hiyo, na mkazi aliweza kufanya kazi mji wa jirani na kurudi jioni. Hata hivyo, barabara inayoleta wateja ndiyo hiyo hiyo inayowachukua vijana, na ndiyo inayorahisisha kununua bidhaa za dukani badala ya kuzitengeneza nyumbani.

Utegemezi wa mahandaki nao una hatari zake. Handaki la Gudvanga lilipata ajali mbili kubwa za moto, mwaka 2013 lori lilipoungua na mwaka 2015 basi lilipoungua, na watu kadhaa waliumizwa na moshi. Kila handaki linapofungwa, wakazi wa bonde hilo hukumbuka jinsi milima ilivyo karibu.

Maziwa yasiyotupwa hata tone

Mbuzi wa maziwa wa Norwei anaweza kutoa zaidi ya lita 600 kwa mwaka. Iwapo mfugaji atauza maziwa hayo kiwandani, atalipwa kwa lita na kazi yake itaishia mlangoni mwa lori. Wafugaji wa Undredal walichukua njia nyingine. Waliungana na kuwa na kiwanda kidogo cha pamoja, Undredal Stølsysteri, na kuuza jibini lenye jina la kijiji chao.

Utengenezaji wenyewe unaonyesha akili ya watu waliozoea kutokuwa na cha kutupa. Maziwa hupashwa moto kidogo, kisha hutiwa dawa ya kugandisha. Yakishaganda hukatwa, na mabonge hutengwa na maji yake. Mabonge ndiyo yanayokuwa jibini jeupe, ambalo huhifadhiwa ili likomae.

Kwa hesabu ya kawaida, lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo moja ya jibini la namna hiyo. Yaani sehemu kubwa ya kile kilichokamuliwa hubaki katika umbo la maji. Katika nchi nyingi maji hayo hupewa nguruwe au humwagwa. Wanorwei huyachemsha kwenye chungu kikubwa kwa saa nyingi, mara nyingi nane au zaidi, huku wakikoroga. Maji yanapopungua, sukari ya maziwa huungua taratibu na kugeuka rangi ya kahawia. Kinachobaki ni uji mzito unaomiminwa kwenye vibao vya umbo la tofali. Ukipoa huwa jibini la kahawia, tamu kiasi na lenye ukali wa mbuzi kwa mbali, ambalo hukatwa vipande vyembamba na kuliwa na mkate.

Kwa maneno mengine, maziwa ya mkamuo mmoja hutoa bidhaa mbili, na ile ya pili hutoka kwenye kile ambacho mwingine angeita taka. Jibini la kahawia lina sukari nyingi na mafuta, jambo linalolifanya liungue kwa urahisi. Mapema mwaka 2013 lori lililobeba tani 27 za jibini hilo liliwaka ndani ya handaki kaskazini mwa Norwei, na moto ulidumu siku kadhaa.

Mvutano wa maziwa mabichi

Sifa ya jibini la Undredal inatokana pia na kutumia maziwa mabichi, yaani yasiyochemshwa kuua vijidudu kabla ya kugandishwa. Watengenezaji husema ladha ya malisho ya mlima hubaki humo. Kwa muda mrefu mamlaka za chakula za Norwei zilitaka maziwa ya jibini yachemshwe, kwa hoja ya usalama wa mlaji, na wafugaji wa kijiji hicho walikuwa miongoni mwa waliopigania haki ya kuendelea na utaratibu wa wazee wao.

Ushindi huo haukuja bure. Anayetumia maziwa mabichi hubeba mzigo mkubwa zaidi wa usafi wa banda, wa kupima maziwa na wa kuweka kumbukumbu. Zaidi ya yote, mbuzi wenyewe lazima wawe na afya.

Hapo Norwei ilifanya kazi ambayo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wangependa kuifahamu. Kuanzia mwaka 2001 ulitekelezwa mpango wa kitaifa wa kusafisha makundi ya mbuzi dhidi ya magonjwa matatu sugu: virusi vya CAE vinavyoharibu viungo na viwele, majipu ya tezi, na paratiba, ugonjwa wa utumbo unaokondesha mnyama hadi kufa.

Njia iliyotumika ilikuwa ya kikatili kidogo lakini rahisi kuieleza. Mwanambuzi alichukuliwa mara tu alipozaliwa, kabla hajanyonya wala kulambwa na mama yake. Akapelekwa banda jingine lililo safi na kupewa maziwa ya kwanza ya ng'ombe badala ya yale ya mama yake. Kundi jipya lilipokua, lile la zamani liliondolewa na banda likasafishwa. Mfugaji alipoteza mbuzi aliowazoea, lakini alibaki na kundi lenye afya na maziwa zaidi.

Serikali inalipia nini

Msomaji anayejiuliza kama biashara hiyo inajiendesha yenyewe atapata jibu la wazi: hapana. Kilimo cha Norwei kinabebwa na ruzuku kubwa, na hakuna anayeficha. Chini ya mfumo uliowekwa mwaka 1950, vyama viwili vya wakulima hukaa mezani na serikali kila mwaka kujadili bei na malipo. Wakishindwana, Bunge ndilo lenye uamuzi wa mwisho.

Malipo hayo ni ya aina nyingi. Kuna yanayotolewa kwa idadi ya mifugo, kwa ukubwa wa eneo linalotunzwa, na kwa wanyama wanaolishwa porini. Kuna hata fedha za kumlipa mtu wa kushika nafasi ya mfugaji anapougua au anapokwenda likizo, kwani mbuzi hukamuliwa kila siku, iwe sikukuu au la.

Aidha, soko la ndani linalindwa. Kuanzia Januari 2013 Norwei iliweka ushuru wa asilimia 277 kwa sehemu kubwa ya jibini gumu kutoka nje, hatua iliyolalamikiwa na Umoja wa Ulaya.

Sababu ya ukarimu huo si chakula peke yake. Norwei inataka watu waendelee kuishi nchi nzima, na inataka miteremko ya fyodi ibaki wazi. Mahali ambapo mbuzi wameondoka, vichaka na miti hufunika malisho ndani ya miaka michache tu, na mandhari iliyotengenezwa na wakulima kwa karne nyingi hupotea. Kwa hiyo mfugaji hulipwa kwa jibini lake na mteja, na kwa mdomo wa mbuzi wake na serikali.

Chanzo kingine cha fedha katika wilaya hiyo ni maji yanayoporomoka milimani. Aurland ina mitambo mikubwa ya umeme wa maji iliyojengwa kwa ajili ya jiji la Oslo. Sheria za Norwei zinazitaka kampuni za umeme kulipa ada kwa wilaya ambako maji yanatoka na kuziuzia sehemu ya umeme, hadi asilimia 10, kwa bei ya gharama. Maji hayaondoki mlimani bila wenyeji kupata chochote.

Shamba haligawanywi

Jambo jingine lililokinusuru kijiji ni sheria ya urithi. Katika sehemu nyingi za dunia shamba la baba hugawanywa kwa watoto, na kizazi cha tatu hubaki na vipande visivyotosha hata kulisha mbuzi wawili. Norwei ina sheria ya kale inayompa mtoto wa kwanza haki ya kuchukua shamba zima, akiwalipa ndugu zake sehemu yao.

Zamani haki hiyo ilikuwa ya watoto wa kiume kwanza. Sheria ilibadilishwa mwaka 1974, na binti aliyezaliwa kuanzia mwaka 1965 akawekwa sawa na kaka yake. Kwa shamba linalozidi ukubwa fulani kuna sharti jingine pia: anayelichukua anatakiwa kuishi humo kwa miaka mitano, ili mashamba yasigeuke nyumba za mapumziko za watu wa mjini.

Sheria inaweza kulinda shamba lisigawanyike, lakini haiwezi kumlazimisha kijana kupenda kazi ya kukamua. Mwaka 1999 Norwei ilikuwa na mashamba zaidi ya 70,000 yanayofanya kazi. Sasa hayafiki 40,000. Wafugaji wa mbuzi wa maziwa wamebaki mia chache katika nchi nzima. Kijiji kikiwa na wafugaji wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kustaafu kwa mmoja ni pigo kwa wote, kwani kiwanda cha pamoja kinahitaji maziwa ya kutosha ili gharama zake zilipike.

Watalii ni neema na mzigo

Umbali mfupi kutoka Undredal kuna Flåm, kituo cha mwisho cha reli maarufu iliyofunguliwa mwaka 1940, ambayo hupanda mita 866 ndani ya kilomita 20 tu. Mamia ya maelfu ya watu hupita hapo kila mwaka, wengi wao wakishuka kutoka meli kubwa za kitalii. Nærøyfjord iliyo jirani, ambayo mahali pengine haina upana unaozidi mita 250, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005 pamoja na Geirangerfjord.

Kwa Undredal watalii ni soko linalokuja lenyewe. Anayeonja jibini kijijini hununua kwa bei ya kijijini, bila mchuuzi wa kati. Lakini watalii wengi huja katika miezi michache ya kiangazi, ambayo ndiyo miezi ya kuvuna nyasi na ya kukaa na mbuzi milimani. Moshi wa meli nao, ukishanaswa kati ya kuta za mlima, hauna pa kwenda.

Mwaka 2018 Bunge la Norwei liliamua kwamba meli na vivuko viache kutoa moshi katika fyodi za Urithi wa Dunia ifikapo mwaka 2026. Baadaye utekelezaji uligawanywa: meli za abiria za chini ya tani 10,000 zilipangiwa kuanza Januari 2026, na zile kubwa zikapewa hadi mwaka 2032. Mwaka huo huo wa 2018, boti ya abiria inayotumia umeme mtupu ilianza safari kati ya Flåm na Gudvangen, ikipita mbele ya Undredal.

Mbuzi wa Norwei milimani Mgeta

Habari za mbuzi hao si ngeni kabisa kwa Tanzania. Katika miaka ya 1980, kwa ushirikiano kati ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wataalamu wa Norwei, mbuzi wa maziwa kutoka nchi hiyo walipelekwa Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru mkoani Morogoro. Hali ya hewa ya baridi iliwafaa, na vizazi vyao vimeenea kwa wakulima wa mboga wa huko, wanaowafuga katika mabanda yaliyoinuliwa, wakiwakatia majani na kutumia samadi yao bustanini.

Mgeta na Undredal vinafanana kwa mteremko, kwa udogo wa mashamba na kwa aina ya mbuzi. Tofauti ipo baada ya kukamua. Mfugaji wa Uluguru hana ruzuku, hana ushuru wa kumlinda, wala mtu wa kulipwa na serikali amshikie zamu akiugua. Lakini mambo matatu ya Undredal hayahitaji fedha za mafuta: kuungana ili kusindika pamoja, kuuza kwa jina la mahali badala ya kuuza lita, na kukataa kumwaga kile kilichobaki kwenye chungu.

Kwa Undredal yenyewe hesabu ni ngumu zaidi. Soko lipo, barabara ipo, sheria ipo na serikali inalipa. Kinachotakiwa sasa ni mtu wa kuamka alfajiri, katikati ya baridi, kwenda bandani. Asipopatikana, kanisa la mwaka 1147 litaendelea kupigwa picha na boti ya umeme itaendelea kupita mbele yake, lakini vichaka vitashuka mlimani hadi kwenye paa za nyumba, na jibini litabaki jina tu.